Jinsi ya kukagua ngozi ili ujue kama moyo na mishipa ya damu ina shida

Baba yangu mdogo alikuwa akivua soksi jioni unaona zimeacha mfereji kabisa kuzunguka mguu, ule mchoro wa mpira unakaa masaa na masaa, na sote nyumbani tukawa tunasema ah leo kasimama sana, viatu vinambana, mpaka mwenyewe akaenda kununua viatu saizi kubwa zaidi. Ikaenda hivyo miezi. Ilipofika hatua hawezi kulala chali maana pumzi inakata ndo tukampeleka, na daktari kabla hata ya vipimo alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, akatoa kidole, shimo likabaki pale pale tunaliangalia, akasema moyo hausukumi damu inavyotakiwa. Lile shimo tungeweza kuliona sisi wenyewe nyumbani miezi mingi kabla.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kuangalia miguu ya watu, kucha, kope, midomo, na nimejifunza mengi kwa kuuliza madaktari na kusoma, kwa hiyo naandika hapa namna ya kukagua, yani mikono yako iende wapi na macho yatafute nini. Lakini kitu kimoja nikiseme mapema kabisa kabla hujaendelea: presha ya kupanda kwa kawaida haionekani kwenye ngozi. Mtu anaweza kuwa na ngozi inang'aa, kucha safi, miguu haijavimba, na presha iko juu mno. Kwa hiyo kukagua ngozi hakuchukui nafasi ya kupima presha, sukari na kolesteroli, usije ukaangalia kucha zako ukaridhika ukaacha kwenda kupima.

Mwanga kwanza

Kagua mchana karibu na dirisha. Taa ya njano inadanganya rangi, na simu zenye kulainisha sura ndo zinaharibu zaidi, zima hayo mambo. Futa rangi ya kucha, toa kucha za bandia, nawa mikono, na kama umetoka kwenye baridi subiri dakika kumi mwili upate joto. Piga picha ya kila kitu unachokitilia shaka, sehemu ile ile, mwanga ule ule, na tarehe. Picha mbili zilizopishana mwezi zinamsaidia daktari kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Na hapa naomba tuelewane wenye ngozi nyeusi. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, sasa ukiambiwa tafuta wekundu au rangi ya bluu kwenye mkono mweusi utatafuta mpaka kesho. Kwetu wekundu mara nyingi unakuja kama zambarau au kahawia iliyokolea, ama ngozi inaonekana tu nyeusi zaidi ya pembeni yake, na ubluu unakuja kama kijivujivu. Kwa hiyo usihangaike na mgongo wa mkono, nenda kwenye ulimi, ndani ya mdomo wa chini, ufizi, chini ya kucha, viganja, nyayo, na ndani ya kope la chini ukilivuta taratibu. Alafu tumia na mkono pia, joto na ugumu vinasikika kwa vidole hata pale ambapo rangi haionekani.

Miguu, hapa ndo utumie muda mwingi

Kaa, tafuta ule mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti, ugoko. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wenyewe, karibu na kifundo, kwa nguvu ya wastani, hesabu taratibu mpaka kumi, achia. Pitisha kidole juu. Ukisikia bonde limebaki, hayo ni maji. Panda kidogo, bonyeza tena, panda tena, ujue maji yameishia wapi, kama ni kifundoni tu au yamefika magotini, na hilo uliandike. Mtu anayelala kitandani muda wote miguu yake inaweza kuwa mikavu kabisa wewe ukadhani yuko salama, maji yameshuka mgongoni kwa chini, huyo mgeuze ubavu umbonyeze pale juu ya makalio.

Sababu yake ni hii: moyo ukichoka kusukuma, damu inajaa nyuma yake kwenye mishipa inayorudi, na figo zinadhani mwili umepungukiwa na damu zinaanza kushikilia chumvi na maji, sasa yale maji yanachujika nje ya mishipa na kushuka chini kwa uzito wake. Ndo maana jioni ni mbaya kuliko asubuhi.

Miguu yote miwili kuvimba sio lazima iwe moyo, inaweza kuwa figo, ini, ujauzito, mishipa ya miguu yenyewe, hata dawa. Amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa na watu wengi sana, inavimbisha vifundo kwa baadhi ya watu, na ukigundua hivyo usiikate mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie. Mjamzito akivimba ghafla uso na mikono, kichwa kinamuuma au macho yanaona nyotanyota, huyo hospitali siku hiyo hiyo. Kinachonifanya niwaze moyo zaidi ni uvimbe pamoja na mambo mengine, mtu anachoka kupanda ngazi alizokuwa akipanda, anaamka usiku kutafuta hewa, jana mto mmoja leo anataka mitatu. Huyo mpime uzito kila asubuhi akitoka chooni kabla hajala, akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 hayo sio mafuta, ni maji, piga simu kliniki usisubiri tarehe ya miadi.

Sasa mguu mmoja ukivimba peke yake hiyo ni habari nyingine kabisa. Chukua futi ya fundi nguo, tafuta lile nundu la mfupa chini ya goti, shuka sentimita 10, pima mzunguko wa shavu la mguu huu na huu. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3, hasa kama kuna maumivu, joto, na mtu alikuwa kwenye safari ndefu, amefanyiwa upasuaji, kalala kitandani siku nyingi, ana saratani au katoka kujifungua, hapo tunawaza damu imeganda kwenye vena ya ndani, yani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Hata kama tofauti haijafika hapo lakini mguu unauma na umevimba upande mmoja tu, bado aende. Na jamani usiuchue! Najua kitu cha kwanza kinachokuja akilini ni kuukanda kwa mafuta, usifanye hivyo, lile donge likikatika linapanda mpaka kwenye mapafu. Apelekwe kupigwa ultrasaundi leo, na akianza kukosa pumzi au kifua kikimchoma akivuta hewa, hiyo ni dharura.

Ukiwa bado uko chini hapo hapo angalia ngozi ya miguu yenyewe. Mishipa inayopeleka damu, ateri, ikiziba, ngozi inakosa chakula, inakuwa nyembamba, inang'aa kama imepakwa nta, nywele zinapotea kwenye ugoko na vidole, kucha zinakuwa nene na haziongezeki, mguu mmoja wa baridi kuliko mwenzake. Fanya hivi: mtu alale chali, nyanyua mguu wake juu ushike kama dakika moja hivi, angalia wayo. Wayo ukipauka kabisa, alafu akikaa na kuning'iniza miguu rangi ikachelewa kurudi na baadaye mguu ukawa mwekundu iliyoiva ama zambarau, ateri zina shida. Pia bonyeza kidole gumba cha mguu kwenye nyama yake mpaka pawe peupe, achia, kwenye mwili wenye joto rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Mapigo ya juu ya mguu unaweza kuyatafuta kwa vidole viwili lakini usiogope ukiyakosa upande mmoja, kuna watu wazima wa afya kabisa ambao pale hayasikiki. Muulize swali hili, ukitembea shavu la mguu linabana mpaka usimame, ukisimama dakika chache linaacha? Akisema ndio, ngozi na maneno vinasema jambo moja. Na ateri za miguu zikiziba mara nyingi za moyo na za shingo nazo ziko njiani, ndo maana mguu unaobana ni sababu ya kwenda kuangalia moyo, na kwa mvutaji sigara na mwenye kisukari mara mbili zaidi. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu yoyote kwa sababu neva zimekufa, huyo anakagua kwa macho kila siku mpaka katikati ya vidole.

Vidonda navyo vinasema mahali vilipotokea. Kidonda kwenye ncha ya kidole, kisigino, kikavu, kingo zake zimekatika vizuri, kinauma usiku mpaka mtu anining'inize mguu nje ya kitanda, hicho ni cha ateri. Kidonda upande wa ndani juu ya kifundo, kinatoa maji, na ngozi pembeni imekuwa ya kahawia na ngumu kama ubao, hicho ni cha vena, ile kahawia ni madini ya chuma yaliyobaki baada ya chembe za damu kuvuja na kuoza chini ya ngozi. Tofauti ni kubwa kwenye tiba, cha vena kinapona kwa kufungwa bandeji za kubana, lakini ukimbana hivyo mtu ambaye ateri zake zimeziba unaweza kumpotezea mguu, kwa hiyo soksi za kubana zisivaliwe kabla damu ya ateri haijapimwa. Na mguu ukigeuka ghafla baridi, umepauka, unauma sana kisha unakufa ganzi, una masaa machache tu, kimbia.

Midomo, ulimi na jasho

Mwambie mtu atoe ulimi. Vidole vikiwa vya bluu au kijivu lakini ulimi ni wa kawaida, mara nyingi ni baridi au damu inapita polepole mikononi. Ulimi na ndani ya midomo vikiwa na hiyo rangi, hapo damu yenyewe haina oksijeni ya kutosha, inatoka kwenye mapafu au moyo, na hilo ni la leo leo. Mtoto mchanga viganja na nyayo kuwa bluu siku moja au mbili za kwanza ni kawaida, ila ulimi wake hapana. Mtoto anayegeuka rangi akilia au akinyonya, anatoka jasho kichwani wakati wa kunyonya, haongezeki uzito, ama aliyekua kidogo akikimbia anachuchumaa kupumzika, apelekwe apigwe eko ya moyo, yani ultrasaundi ya moyo, kuna matundu ya kuzaliwa nayo ambayo yanarekebishika vizuri yakiwahiwa.

Mtu mzima akiwa na ngozi ya baridi, yenye jasho jembamba, amepauka au amekuwa kijivu, hata kama anasema ni gesi tu ama kiungulia, wewe usibishane naye, ita gari la wagonjwa. Wanawake, wazee na wenye kisukari wengi mshtuko wa moyo haujitokezi kwa yale maumivu makali ya kifua tunayoyajua, unaweza kuja kama jasho hilo na kichefuchefu na uchovu tu.

Kucha

Weka kidole chako cha shahada cha kulia na cha kushoto mgongo kwa mgongo, kucha zigusane, uangalie kwa mwanga. Kwenye shina la kucha unatakiwa uone kidirisha kidogo cha umbo la almasi. Kikipotea, na kucha zimepinda kama kijiko kilichofunikwa, ncha ya kidole imenenepa, hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, moyo wa kuzaliwa na kasoro, au maambukizi kwenye valvu za moyo, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, wengine wamezaliwa hivyo tu kwenye ukoo. Kipimo hiki kilitolewa na Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, mwaka 1976, naye alikiona kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua maambukizi ya moyo. Mi kila nikifanya hiki kitu namfikiria akiwa kitandani anaangalia kidirisha chake.

Chini ya kucha tafuta vimistari vyembamba vya kahawia au vyekundu vinavyokwenda kwa urefu kama kibanzi cha mti kimeingia. Mstari mmoja kwa mtu anayefanya kazi za mikono ni kugongwa. Mingi, kwenye vidole tofauti, karibu na shina la kucha, na mtu ana homa isiyoeleweka wiki kadhaa, anapungua uzito, anatoka jasho usiku, hapo fikiria bakteria wamekaa kwenye valvu. Angalia na viganja na nyayo zake, kuna vijinundu vidogo vinavyouma kwenye nyama za ncha za vidole, na kuna madoa bapa yasiyouma kwenye kiganja, vyote hivyo vipo kwenye ugonjwa huo huo ingawa wengi hawavipati. Aliye hatarini zaidi ni mwenye valvu iliyoharibika au ya bandia, na anayejidunga madawa. Mtu wa namna hiyo akipata homa asianze antibayotiki za kununua dukani, kwanza atolewe damu ya kuotesha maabara waone bakteria gani wamo, maana vidonge vile vinawaficha wale bakteria wasionekane na ugonjwa unaendelea kula valvu.

Mafuta yanayojitokeza nje

Vipande vya njano laini kwenye kope, upande wa puani, watu wengi wanaviona ni urembo umeharibika tu wanaenda kuvichoma. Ni kolesteroli. Karibu nusu ya wenye navyo wakipimwa damu wanakutwa kawaida, ila utafiti mkubwa wa Copenhagen uliotolewa mwaka 2011 uliwafuatilia watu zaidi ya elfu 12 kwa miaka mingi na ukakuta wenye hivi vipande walipata mshtuko wa moyo zaidi hata ukiweka pembeni kiwango cha kolesteroli kwenye damu. Kwa hiyo kabla ya kuvitoa kapime. Duara la kijivu au jeupe kuzunguka mboni ya jicho kwa mzee ni la umri, kwa mtu wa chini ya miaka 45 pima mafuta.

Lile ninalotaka usilipite ni kano. Shika kano ya nyuma ya kisigino kwa vidole viwili, ipitie juu mpaka chini, inatakiwa iwe nyembamba na laini sawasawa. Ikiwa nene, ina manundu magumu, na manundu mengine yako juu ya vifundo vya vidole vya mkono yanatembea ukikunja vidole, huyo mtu inawezekana kabisa amerithi kolesteroli ya juu. Sio ugonjwa adimu, ni kama mtu 1 kati ya 250 hadi 300, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuurithi, na hao bila dawa wanapata mshtuko wa moyo vijana, wembamba, wanakula vizuri tu. Ukimkuta mmoja pima familia nzima, watoto wakiwemo.

Vipele vidogo vya njano vimetokea ghafla vingi makalioni, viwikoni, magotini, hayo ni mafuta ya aina nyingine, traigliseridi, yamepanda mno mpaka kongosho iko hatarini, tumbo likianza kuuma sana usilale nyumbani.

Shingo nyuma na makwapa ikiwa nyeusi, nene, laini kama mahameli, sio uchafu na kusugua kunaiumiza tu. Mwili umeanza kukaidi insulini, ile homoni inayoshusha sukari. Pima sukari, maana kisukari ni mlango mkubwa wa magonjwa ya moyo.

Mkunjo wa ndewe ya sikio, ule mstari wa mshazari, ulielezwa na daktari wa Marekani Sanders Frank mwaka 1973 na watu bado wanautisha nao kila mahali. Kwa maoni yangu usikukoseshe usingizi, unaongezeka na umri na wengi wanao bila shida yoyote. Kama unao na hujapima presha miaka, kapime, basi.

Watoto

Mtoto akiumwa koo, wiki 2 hadi 4 baadaye akaanza kuvimba viungo, leo goti kesho kifundo cha mguu, tafuta vinundu vigumu visivyouma juu ya viwiko na magoti, na mizunguko ya kingo nyekundu kiwiliwilini isiyowasha, inayokuja na kupotea, ambayo kwenye ngozi nyeusi ni rahisi kuikosa. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, inaharibu valvu kimya kimya, na penisilini kwa ratiba ndo inayozuia isirudi. Usingoje ngozi ithibitishe, watoto wengi hawapati vipele, viungo vinavyohamahama vinatosha kumpeleka.

Na homa ya siku 5 mfululizo, macho mekundu bila tongotongo, midomo imepasuka, ulimi mwekundu wenye vipele, viganja na nyayo vimevimba kisha baadaye vidole vinabambuka ngozi, taja neno Kawasaki kwa daktari, ni jina la daktari wa Japani aliyeeleza ugonjwa huu mwaka 1967. Unapanua ateri za moyo wa mtoto, na dawa inafanya kazi vizuri ikitolewa ndani ya siku 10 za kwanza.

Ukifika kliniki

Ngozi yenye mchoro kama wavu wa samaki kwenye mapaja ikiwa unaondoka ukipata joto, achana nao. Usipoondoka, au kidole cha mguu kimekuwa cha bluu wiki chache baada ya kupitishwa mrija kwenye mishipa kwa uchunguzi wa moyo, rudi kwa waliokuwekea mrija, vipande vya kolesteroli vinaweza kuwa vimekatika na kuziba vimishipa vidogo.

Kwa mengine yote usiingie ukasema tu najisikia vibaya. Sema hivi: dalili hii niliiona tarehe fulani, upande huu, picha ya kwanza hii na hii ya jana, uzito wangu ulikuwa huu sasa huu, pumzi nakosa nikifanya hiki, dawa zangu hizi hapa, wazazi wangu waliumwa hiki. Alafu omba presha, sukari, mafuta, figo na mkojo, na kama una uvimbe wa miguu yote na pumzi fupi uliza kuhusu kipimo cha umeme wa moyo na eko. Na vaa soksi na viatu vya kuvulika haraka, vivue hata kama hujaombwa, nyoosha mguu umwambie daktari, naomba unibonyeze hapa.